Hali ya Njia, Wiki ya Kwanza ya Septemba

Mnauliza kwa simu njia ikoje.
Subirini nifute unga mikononi.
Mimi Nives, mwenye kibanda hiki chini ya Sas dl Corf.
Nimeushika ukuta kwa darubini tangu alfajiri,
na jana Tita, mwongoza wapandaji, kashuka
viganja vimechunika, kaniambia yaliyobaki.

Kwanza theluji. Ule ulimi wa chini
umekonda, umechafuka kama shuka la hoteli mbovu.
Asubuhi ni kioo. Chukueni viatu vya meno,
hata vile vyepesi vya aluminiamu.
Kijana wa Augsburg alividharau,
akateleza mita sitini, kokoto zikamdaka.
Suruali yake bado imeanikwa hapa nje.
Hajarudi kuichukua.

Theluji ilipoachana na mwamba pana pengo.
Mwaka jana watu walivuka kwa hatua.
Mwaka huu ni kuruka.

Sasa mwamba.
Wa kijivu, uaminini: umeoshwa na mvua elfu,
una vishimo vya kuingia kidole kimoja,
unakwaruza kama ulimi wa paka.
Wa manjano, msiuamini hata ukiapa.
Manjano ni jeraha bichi; hapo kitu kilianguka juzi,
juzi ya mlima, pengine kabla ya babu yangu.
Gongeni kwa kifundo kabla ya kushika.
Debe tupu haliachi kuvuma, na jiwe vilevile:
likijibu kwa sauti nzito, fupi, pandeni;
likivuma, liombeni radhi, mpite kushoto.

Anayehimiza nyufa zizibwe
hajawahi kuning'inia.
Huku juu ufa ndio riziki.
Ila kwenye kamba ya tatu kabari za springi hazifai,
zinasukuma ukoko, zinatoka nao
kama jino bovu na kipande cha ufizi.
Bebeni nyundo.
Ndiyo, nyundo. Nawasikia mnavyocheka.

Ndani ya dohani mawe matatu yameegemeana
kama mafiga yaliyosahauliwa na chungu.
La kati msiliguse.
Tita asema alipita amebana pumzi,
na Tita si mtu wa kubana chochote, hata maneno.

Saa nne na nusu jua hufika kileleni.
Muwe mmekwisha pita.
Barafu ndiyo iliyokuwa saruji ya mlima huu;
zamani ilishikilia hadi Oktoba.
Siku hizi hata usiku mawe yanashuka.
Nalala nikiyasikia. Mbwa ameacha kubweka,
amezoea, na hilo ndilo linalonitisha.

Kamba ya tano, kwenye kidato cha upana wa sinia,
mtakuta misumari mitatu.
Miwili ni mipya, ya Tita, inang'aa.
Wa tatu una kutu, pete yake imepinda,
una utepe uliokuwa mwekundu.
Huo ni wa Iaco.
Aliupigilia mwaka tuliooana,
nami niko hapa chini na darubini hii hii
nikihesabu mapigo: kumi na manne,
kila pigo likipanda sauti
mpaka msumari ukaimba.

Hakufia ukutani, msidhani.
Alifia hospitali, kwenye shuka safi,
akilalamikia supu.

Sasa hauimbi. Tita aliugonga,
anasema unakohoa.
Msijifunge hapo. Uzito wenu wote
uwe kwenye ile miwili.
Hayo nasema kama mwenye kibanda.

Kama mjane: msiung'oe.
Wala msiupigilie upya kwa huruma.
Na mkikuta haupo, limebaki tundu,
mkishuka andikeni daftarini theluji, maji, mawe,
andikeni kitanda kilikuwa kigumu.
Hilo la tundu liacheni hukohuko.

Haya. Mko wangapi?
Supu ni ya shayiri.